Kikaango cha Kulikoni

Jina la Kulikoni alipewa angali mtoto wa kukaa chini ya meza, na lilimkaa sawasawa. Aliuliza kwa nini mlango wa chumbani unalia na wa jikoni haulii. Aliuliza maji yanayochemka yanamkimbia nani. Siku moja baba yake alirudi kazini akaikuta redio imetandazwa sakafuni vipande vipande, na binti amekaa katikati anamtafuta msomaji wa taarifa ya habari. Viboko alivyokula siku hiyo havikumponya. Alikua, akaolewa, wakaachana na mumewe bila kugombana, mvi zikaanza kumtoka, na bado alikuwa hawezi kupita mahali ambapo watu wamekusanyika asisimame kujua kuna nini. Kama ni ugonjwa, basi ulikuwa umeshakomaa.

Dada yake alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka michache, mjane, mama wa binti mmoja, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Mtaani walimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Alipofiwa na mume alihamia kwa mdogo wake na masanduku yake na mtoto mkononi, wakakubaliana wakae pamoja mpaka mambo yatulie. Mambo yalitulia zamani, naye hakuhama. Binti akalelewa humo humo na mama na mama mdogo, akasoma, akaolewa mji wa mbali, na nyumba ikabaki na wanawake wawili na harufu ya keki.

Keki ndizo zilizowalisha. Oveni hawakuwa nayo. Walikuwa na jiko la gesi la plate mbili na vikaango viwili vizito vya chuma, na keki yao ilikuwa ya mviringo, nene, ya rangi ya kahawia juu na chini, ya kukatwa vipande na kuliwa na chai. Ubaya wa keki ya namna hiyo ni kwamba moto uko chini tu. Upande wa chini ukiiva, wa juu bado ni uji, na lazima igeuzwe. Yai utaligeuza kwa mwiko na hakuna atakayekushangaa. Keki pana iliyoiva nusu, ukiigusa kwa mwiko inakufia mkononi.

Basi wao waliigeuza wawili. Kulikoni alishika kikaango cha chini, chenye keki. Dada yake alikuja na kikaango cha pili akakifudikiza juu yake. Mikono minne ikabana vishikio kwa vitambaa, dada akasema "haya," wakapindua kwa pamoja, cha chini kikawa juu na cha juu kikawa chini. Walipokifunua, keki ilikuwa imelala kifudifudi bila ufa hata mmoja. Wageni waliobahatika kuona walibaki midomo wazi, lakini wenyewe hawakuona ajabu yoyote. Mmoja alikuwa na upande wa chini, mwingine upande wa juu, na katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kushika upande wa mwenzake.

Halafu mikono ya Dada Mkubwa ikaanza kutetemeka. Ilianza na kikombe kugongana na kisahani chake wakati wa chai, wakacheka. Ikaja kwenye sindano na uzi, hawakucheka sana. Akaandikiwa dawa, akawa anakwenda kliniki kila Alhamisi, na mikono ikaendelea na mambo yake kana kwamba dawa zinamezwa na mtu mwingine. Keki zikaanza kutoka na nyufa. Mwenye mgahawa wa karibu na hospitali, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wao mkubwa, alipokea keki iliyovunjika akanyamaza. Akapokea nyingine akaguna. Iliyofuata akasema wazi, tena kwa adabu zake zote, kwamba wateja wake hawawezi kunywa chai kwa makombo, na kwamba mtaa wa pili kuna mtu amefungua duka, ana oveni.

Baada ya hapo ikaja asubuhi ambayo kikaango cha juu kilimponyoka dada katikati ya kugeuza. Keki ilimwagika sakafuni, na chuma cha moto kikamlamba Kulikoni kwenye kifundo cha mkono. Dada alipiga magoti akaanza kuzoa makombo kwa viganja. Kulikoni alijifunga kitambaa chenye maji baridi, akamwambia kwa upole kwamba labda ni wakati wa kupumzika, kwamba atafutwe mtu wa kushika upande ule kwa muda tu. Dada aliinua uso.

"Mimi si mgonjwa, mdogo wangu. Maadamu niko humu ndani, upande wa juu ni wangu."

Kulikoni alileta ufagio. Alijua akimleta mtu mwingine jikoni, hata awe wa muda, ni sawa na kumwambia dada yake kwamba kazi yake duniani imekwisha. Na asipomleta, mgahawa utahamia kwa mwenye oveni, na nyumba yao haikuwa na riziki nyingine. Tena kila Jumapili binti alipiga simu kumsihi mama yake ahamie kwake, ana chumba cha ziada, ana mapacha wanaomtaka bibi. Kulikoni alisikia jibu kutoka chumba cha pili, na lilikuwa lile lile kila mara: "Kazi ni nyingi, mwanangu." Alilichukua kama ushahidi. Mtu anayekataa wajukuu kwa ajili ya kikaango, alijiambia, ukimnyang'anya kikaango utamuua. Mwenye kuuliza kila kitu hapo hakuuliza kitu. Aliona jibu analo.

Siku aliyokutana na kile kitu alikuwa amekwenda kununua mayai. Njiani kuna muuza vyuma chakavu, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na Kulikoni alikuwa hapiti pale bila kupekua. Katikati ya mabomba na magurudumu ya baiskeli aliona visahani viwili vya chuma, kila kimoja na mkono wake mrefu, vimeunganishwa kwa bawaba. Ukivifunga vinabusiana. Ukivifungua vinakaa kama kitabu. Kilikuwa kidogo, cha ukubwa wa kiganja, na kimepasuka upande mmoja. Alimuuliza mwenye mali ni kitu gani, naye akasema kimetoka kwenye nyumba iliyobomolewa, pamoja na vitasa. Yeye mwenyewe aliamini ni pasi ya kola. Kuna mteja alimwambia ni cha kutengenezea mishumaa. Mwingine aliapa ni mtego wa panya.

Kulikoni alikifungua na kukifunga mpaka muuzaji akakaa chini. Mtego wa panya hauna haja ya mikono mirefu hivi. Mikono mirefu ni ya kitu cha moto. Akapitisha kidole ndani, ndani palikuwa laini. Akapitisha nje, kidole kikatoka cheusi. Masizi. Akageuza upande wa pili akapitisha tena kidole, nacho kikatoka cheusi vile vile.  Chombo cha kawaida kina masizi chini tu. Hiki kilikaa juu ya moto kwa tumbo, na kikakaa tena juu ya moto kwa mgongo. Kwa hiyo kilipikiwa kitu ambacho kiligeuzwa bila kuguswa, na aliyekigeuza alikuwa mtu mmoja.

Furaha ilimpanda mpaka akamshika muuzaji bega. Halafu ikashuka papo hapo, maana alikuwa ameelewa jambo la pili. Ile bawaba ilikuwa inafanya kazi ya dada yake.

Muuzaji alimpa bure, kwa kuwa hakuna anayejua bei ya kitu kisicho na jina. Alikwenda nacho moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea, mtengeneza mageti wa mtaa, akamwambia anataka kama hiki lakini kipana kama sinia na chenye kina cha kutosha keki. Fundi alivua miwani yake myeusi, akakiangalia kwa muda, akauliza litafungiwa nini. Hakuna kitu ambacho mtu yule alikiona akakosa kukifikiria kama geti. Kulikoni alimweleza mambo ya mayai na unga, naye akasikiliza kwa subira ya mtu anayeambiwa ndoto, akasema sawa, atakifanya imara, hakitaingiliwa na mwizi.

Na kweli alikifanya imara. Vipande viwili vya chuma cheusi, vimepindwa kingo na kusuguliwa ndani, mikono miwili yenye vishikio vya mbao, na bawaba nene. Kilifunguka mpaka kikasimama wima kama kifuniko cha sanduku, kikagoma hapo. Fundi alijivunia hilo: kitu kisichoanguka nyuma hakivunjiki. Kulikoni alikifunga kwenye shuka kuukuu, akakiingiza nyumbani wakati dada yake yuko bafuni, akakisukuma chini ya kitanda. Alikuwa mwanamke mwenye mvi, anaficha kitu chini ya kitanda chake mwenyewe, na moyo unampiga kama wa mwanafunzi aliyetoroka darasani.

Alhamisi ilipofika dada alivaa viatu vyake vya kutokea akaenda kliniki. Kulikoni hakusubiri hata mlango utulie. Harufu haikumtia wasiwasi, nyumba ile ilinuka keki hata siku ambayo haikupikwa. Alikoroga, akapaka mafuta pande zote mbili, akamimina, akafunika, akasubiri, akashika mikono yote miwili akapindua. Kikapinduka vizuri ajabu. Alicheka peke yake jikoni. Kisha akasikia harufu ya gereji. Fundi alikuwa ameipaka bawaba grisi ya kutosha, kama geti lolote la heshima, na moto ulikuwa umeiyeyusha ikachuruzika ndani. Keki ilikuwa nzuri ya kulainishia mnyororo wa baiskeli.

Akasugua kwa sabuni na mchanga, akachoma kikaango kitupu mpaka moshi uishe, akamimina upya. Mara hii hapakuwa na grisi. Lakini alipofungua, keki ilipasuka katikati kama mkate unaogombewa: nusu ikabaki huku, nusu ikang'ang'ania kule juu. Mafuta alipaka. Moto ulikuwa ule ule. Unga ule ule. Alikwangua vipande akavitupa juu ya ukuta kwa kuku wa jirani, akaosha, akaficha, akakaa kwenye kiti akashika tama.

Mbona kwenye kikaango cha dada haishiki? Hilo ndilo lililomtesa. Vikaango vyao vya zamani vilikuwa vya chuma kama hiki. Alijaribu kukumbuka dada yake hufanya nini na kile cha juu kabla ya kukileta, akakuta hakumbuki, na si kwamba alisahau. Hajawahi kuona. Wakati ule yeye huwa amesimama mezani chini ya dirisha, mgongo kwa jiko, anakoroga unga wa keki inayofuata. Akisikia hatua za dada hugeuka, hushika vishikio, husubiri "haya." Kikaango cha pili alikuwa akikiona kimekaa kwenye plate ya pili, akadhani kimewekwa pale kwa kukosa pengine pa kukiweka. Alijua redio inaongeaje. Alijua saa ya ukutani ina meno mangapi. Nusu ya kazi yake mwenyewe hakuijua, na iliyokuwa ikiijua ni mikono ya mtu anayelala chumba cha pili.

Kesho yake alihamisha bakuli akasimama upande wa pili wa meza, uso kwa jiko. Dada akauliza kuna nini. Kulikoni akasema mwanga. Akakoroga taratibu, kichwa kimeinamia bakuli na macho kwenye jiko, akaona. Dada aliiwasha plate ya pili, moto mdogo kabisa. Akakiweka kikaango kitupu. Akachovya vidole kwenye maji, akarusha tone, tone likakaa. Akasubiri. Akarusha lingine, likaruka likacheza huku na huku juu ya chuma. Hapo akachukua kitambaa cha mafuta, mkono ukitetemeka, akapangusa ndani mara moja, akakiinua.

Kulikoni alishindwa kujizuia. "Kumbe huwa unakipasha moto?"

"Ulidhani?" dada akajibu, kwa uso wa mtu aliyeulizwa kama mvua inalowesha.

Baada ya hapo maswali yalimtoka kama maji ya bomba lililokatika. Moto uwe kiasi gani, tone likikaa maana yake nini, kitambaa kiwe na mafuta mengi au machache. Dada alijibu mawili matatu kisha akasema anahojiwa kama yuko kituo cha polisi, na keki inaungua. Waligeuza. Ikatoka na ufa mdogo, lakini Kulikoni hata hakuuona. Alikuwa anafikiria bawaba.

Fundi hakupenda. Kulikoni alimtaka aifungue ile bawaba ifike mpaka mwisho, vipande vyote viwili vilale sawa, kila kimoja juu ya plate yake, vipate moto kwa pamoja kabla ya unga kumiminwa. Fundi alisema geti likifunguka hivyo linaitwa limevunjika. Walibishana mpaka akaomba amletee jiko apime, akapima umbali wa plate kwa kipande cha waya, na kadiri alivyopima ndivyo uso wake ulivyobadilika. Mwisho alikuwa yeye anayeuliza. Ikiwa moto unaingia pande zote, alisema, basi pini ya bawaba nayo itatanuka, lazima aiachie nafasi. Akaiachia nafasi, akaweka mafuta ya kula badala ya grisi, na akadai aonjeshwe.

Alhamisi iliyofuata keki haikushika. Ilitoka ikiteleza, na Kulikoni akainua mikono juu kama aliyefunga bao. Alipoikata, katikati ilikuwa uji. Akapika nyingine akachelewa kugeuza, ikatoka nyeusi kama kisigino. Ya tatu aliiwahi tena, uji ukapenya kwenye bawaba ukadondokea moto, jiko likajaa moshi. Akatazama saa, saa haikumsaidia, kwa sababu moto wa gesi inayokaribia kuisha haufanani na moto wa mtungi mpya. Basi walikuwa wakijuaje? Akajiuliza, na jibu lilipokuja alijisikia mpumbavu. Wao hawakuwa wakijua. Aliyekuwa akijua ni yule anayesema "haya."

Alikuwa amepiga magoti anapangusa uji sakafuni, moshi bado umetanda, mlango ulipofunguliwa. Dada Mkubwa alisimama na mkoba wake wa kliniki. Daktari hakuja leo, alisema, wamerudishwa wote. Halafu macho yake yakaenda jikoni, yakatua juu ya kile kikaango kilichofunguka mapaja wazi juu ya plate mbili, yakabaki hapo.

Kulikoni aliinuka na kitambaa mkononi. Alianza kusema ni mchezo tu, ni kitu alichookota, ni cha kuuzwa, maneno yakapishana mlangoni mwa mdomo. Dada aliweka mkoba chini.

"Kuku wa jirani wamenenepa mpaka hawaruki ukuta," alisema. "Nilikuwa najiuliza utanionyesha lini."

Hakukasirika. Hilo lilimchanganya Kulikoni kuliko ambavyo hasira ingemchanganya. Dada aliuliza kinavyofanya kazi, akaelezwa: huku unamimina, huku kunapata moto, unafunika, unapindua mwenyewe. Aliuliza nani kakitengeneza, akaguna aliposikia ni fundi wa mageti. Akauliza kinakosa nini. Kulikoni akakiri kwamba hajui wakati wa kugeuza. Dada alivua viatu vya kutokea, akavuta kigoda akakaa karibu na jiko, mikono ameikunja mapajani ili itulie.

"Pasha. Mimina. Halafu unyamaze, kama utaweza."

Kulikoni akapasha, akarusha tone likacheza, akapangusa, akamimina, akafunika, akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu. Dada aliinamisha kichwa, sikio kwa jiko, akamwonyesha ishara asogee. Mwanzoni hakusikia kitu zaidi ya gesi. Kisha chini ya sauti ya gesi akasikia nyingine, ndogo, ya kwenye kingo, kama watu wanaosengenya chumba cha pili. Keki ilikuwa inanong'ona. Alikaa miaka yote hiyo hatua mbili kutoka kwenye sauti ile na hakuwahi kuisikia, kwa sababu wakati wote alikuwa anakoroga na, aghalabu, anaongea. Ikanong'ona, ikanong'ona, ikapunguza. Ikanyamaza.

Dada hakusema "haya." Alimtazama tu. Kulikoni akashika mikono yote miwili ya kikaango, akapindua.

Walipokifunua baadaye keki ilikuwa nzima, ya kahawia, mviringo kamili. Kulikoni alipiga kelele ya furaha, akageuka kumkumbatia dada yake, na alichokiona usoni kwake kikamzuia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye anatabasamu.

"Kwa hiyo unaweza peke yako," dada alisema.

Kulikoni akaanza kukana mbio mbio. Kwamba ni bahati tu. Kwamba hawezi, nani atasikiliza, bawaba bado ina kasoro, upande wa juu ni wa dada na utabaki wa dada, hata leo hii kikaango hiki kinaweza kurudi kwa muuza vyuma. Angeendelea mpaka jioni.

"Mdogo wangu, mimi nimechoka," dada alisema. "Tangu wale mapacha wazaliwe nataka kwenda. Ningekuachaje na kikaango kimoja?"

 Kulikoni alikaa sakafuni pale pale penye uji. Akauliza mbona hakusema, kila Jumapili mtoto anapiga, yeye anajibu kazi ni nyingi. Dada akasema kazi ilikuwa nyingi kweli, na ilitaka watu wawili, na wa pili alikuwa yeye. Angesema, Kulikoni angemsukuma aende siku ile ile, halafu abaki analala na njaa huku akiapa ameshiba. Alimjua. Ndiyo maana alikuwa akishika kikaango kwa mikono ile ile iliyokuwa ikimwaibisha, asubuhi baada ya asubuhi. Kulikoni alisikiliza mpaka mwisho, na alipojaribu kufurahi kwa ajili ya dada yake furaha haikuja. Kilichomjia kilikuwa kitu cha kitoto, akakisema kama kilivyo.

"Na mimi nitakula na nani?"

"Hilo ungemwambia fundi alitie."

Walicheka mpaka wakashikana, kisha wakalia, kisha wakala ile keki ingali ya moto, jambo ambalo wao wenyewe walikuwa wakiwakataza wateja.

Dada Mkubwa aliondoka wiki hiyo hiyo. Mkwe wake alikuja na gari, binti mbele, mapacha nyuma wanagombania dirisha. Masanduku yalipakiwa, binti akamkumbatia mama mdogo wake akamwambia zamu yake nayo itafika, chumba kipo. Kulikoni alisimama mlangoni akapunga mkono kwa bidii, akatoa mzaha kuhusu mizigo, akajikaza kisabuni mpaka gari likapinda kona. Alipoingia ndani aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Asubuhi alipika peke yake. Akafungua kikaango kwenye plate zote mbili, tone likacheza, akamimina, akasikiliza. Jikoni kulikuwa kimya kiasi kwamba hakuhitaji kuinama ili asikie. Keki ya kwanza ilitoka safi, ya pili safi, zote safi. Mwenye mgahawa aliziweka kwenye kabati la kioo bila kuzigeuza kutafuta nyufa, akamwuliza ametumia ujanja gani, na Kulikoni, ambaye siku nyingine angemweleza mpaka chai yake ipoe, alisema ni kikaango tu. Akarudi nyumbani. Alipika chakula kidogo cha mchana, akala nusu akafunika nusu. Redio aliiwasha, akaizima.

Jua lilipokaribia kuzama alikaa jikoni akaitazama keki aliyoibakiza mezani. Ilikuwa nzima, nono, pande zote rangi moja. Akachukua simu. Iliita kwa muda, kelele za watoto zikaingia kwanza, kisha sauti ya dada.

"Dada," alisema, "keki yangu imeshika upande wa juu."

 Dada yake akawaambia watoto wapunguze sauti, na mlango ukasikika ukifungwa.

"Ulikipasha moto?"

"Nilikipasha. Sijui kama kilipata sawasawa."

"Tone lilicheza?"

"Sikuangalia vizuri."

"Na kesho je?" dada akauliza. "Nayo itashika?"

Kulikoni aliibonyeza keki kwa kidole, ikarudi juu laini. "Nadhani kesho nayo itashika."

"Basi kesho nipigie, saa hizi hizi," dada akasema. "Haya, vuta kiti ukae. Kwanza unawasha plate ya pili, moto mdogo."

Kulikoni akavuta kiti, akakaa mbele ya jiko lililozimwa, akasikiliza.